Kabla ya kupaka pilipili kwenye kidole cha mtoto

Dawa za kumwachisha mtoto kunyonya kidole hazijawahi kuadimika majumbani kwetu. Kuna pilipili mbuzi inayokamuliwa juu ya gumba. Kuna shubiri, ile ile inayopakwa kwenye titi siku ya kumwachisha mtoto ziwa. Kuna maji ya mwarobaini, na kuna kipande cha kanga kinachofungwa mkono mzima hadi kwenye kiwiko. Dawa zikishindwa, vinafuata vitisho: kidole kitaoza, kitaliwa na panya, daktari atakuja kukikata. Mtoto analia, anafikicha jicho kwa mkono ule ule wenye pilipili, analia zaidi, na usiku nyumba ikishatulia kidole kinarudi mdomoni.

Anayefanyiwa hayo mara nyingi ana mwaka mmoja, au mmoja na nusu. Dada yake wa miaka saba, ambaye meno yake ya mbele ya ukubwani ndiyo kwanza yanashuka na bado analala na gumba kinywani, haguswi na mtu. Ameshazoeleka. "Huyu ndivyo alivyo," wanasema. Nimeiandika makala hii kwa sababu ya watoto hao wawili. Tunapigana na kidole katika umri ambao hakina madhara ya kudumu, kisha tunakiachia uwanja katika umri ambao kinapinda meno ambayo mtu atazeeka nayo.

Tuanze na huyu mdogo, kwa kuwa ndiye anayeonewa.

Hakuna aliyemfundisha kunyonya kidole. Alikuja nacho. Peter Hepper wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alitumia miaka mingi kuwatazama watoto walio tumboni kwa altrasaundi, na akaona kwamba kuanzia karibu wiki ya 15 ya ujauzito wamekwisha kuanza kunyonya gumba, wengi wao la kulia. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto 75 waliowahi kuonekana hivyo hadi walipofikisha miaka 10 hadi 12. Wote 60 walionyonya gumba la kulia wakiwa tumboni walikuwa wanatumia mkono wa kulia. Kati ya 15 wa gumba la kushoto, 10 walikuwa watu wa mkono wa kushoto. Mtoto anayezaliwa leo alfajiri katika wodi yoyote ile amekuwa akifanya mazoezi ya kunyonya kwa miezi kadhaa, na mazoezi hayo humwandaa kulishika ziwa la mama yake siku ya kwanza.

Baada ya kuzaliwa, kunyonya ni zaidi ya chakula. Mtoto akinyonya, mapigo ya moyo hutulia na usingizi humjia. Ziwa likiwa karibu saa zote, usiku na mchana, haja hiyo hutimizwa palepale. Erik Larsson, daktari wa meno wa Sweden aliyeishughulikia tabia hii kwa miongo mingi, alishikilia hoja kwamba kidole na chuchu bandia huchukua nafasi pale mtoto anapokosa ziwa wakati anapolitaka. Tafiti nyingi tangu hapo zimeona uhusiano huo: watoto wanaonyonyeshwa muda mrefu zaidi huelekea kuwa na tabia hizi kidogo zaidi.

Nadhani hoja hiyo inatugusa sana sisi wa mijini. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ukiishi Chanika na kazi iko Posta, saa 2 hizo zinaishia barabarani. Na mama lishe au muuza mboga wa sokoni hana hata hizo siku 84 za kuhesabu. Mtoto anabaki na dada wa kazi au bibi, ziwa limeondoka tangu saa kumi na moja alfajiri, na kilicho karibu kuliko vyote ni kidole chake mwenyewe. Kukipaka pilipili hapo ni kumwadhibu kwa kujipatia faraja ambayo sisi wakubwa tumeshindwa kumpa.

Na adhabu hii wamewahi kuijaribu wengine kabla yetu. Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, alichapisha mwaka 1845 kitabu cha watoto kiitwacho Struwwelpeter, na ndani yake mtoto Konrad ananyonya gumba mama yake akiwa ametoka, basi mshona nguo anaingia mbio na mkasi mkubwa na kuyakata magumba yake yote mawili. Mwaka 1879 Samuel Lindner, daktari wa watoto wa Hungaria, aliandika juu ya tabia hii kwa kirefu, na Sigmund Freud akaichukua kazi yake mwaka 1905 na kuiona tabia hii kuwa chimbuko la ashiki. Wazazi wakaingiwa na hofu. Kijitabu cha serikali ya Marekani cha malezi, Infant Care, kilipotoka mwaka 1914, kiliwashauri akina mama waushone mkono wa nguo au waubane kwa pini ufunike vidole vya mtoto. Matoleo ya miaka ya baadaye yaliuacha ukali huo. Watoto walikuwa wameendelea kunyonya vidole vyao muda wote huo.

Sasa twende kwa yule dada wa miaka saba, maana huku ndiko hatari iliko.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyembamba sana, na mfupa unaolizunguka uko hai. Jino likisukumwa upande mmoja kwa muda wa kutosha, mfupa wa upande huo huliwa polepole, na upande wa pili hujazwa mfupa mpya. Waya za kupanga meno zinategemea kanuni hiyo, na kidole nacho kinaitumia, ila kidole hakina daktari wa kukiambia jino lielekee wapi.

Gumba likiingia kinywani, nyama ya ncha yake inagusa kaakaa, kucha inatazama chini. Meno ya mbele ya juu yanasukumwa nje na ya chini yanasukumwa ndani. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni yanayotokea nyuma. Kidole kimelishusha taya la chini, kwa hiyo magego ya juu na ya chini hayakutani, na jino lisilokutana na mwenzake huendelea kuota. Yale ya mbele yamezuiwa na kidole, ya nyuma yanarefuka. Magego yakirefuka milimita 1 tu, mbele panafunguka karibu milimita 2. Wakati huohuo ulimi, ambao kazi yake mojawapo ni kulala juu kwenye kaakaa na kulitanua taya kwa ndani, umekandamizwa chini. Mashavu yanabana kwa nguvu ya kufyonza, na ndani hakuna cha kuyapinga. Taya la juu linakua jembamba, limechongoka mbele, na magego yake yanaangukia upande wa ndani wa magego ya chini badala ya kuyafunika.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na bibi anayeshika pilipili huutamka msemo huo akiamini anasaidia. Mfupa wa taya la mtoto ndio samaki mbichi hasa. Unakunjika kwa urahisi, na kwa urahisi huohuo unakunjuka ukiachiwa mapema. Ukishakomaa, kuukunjua ni kazi ya miaka na ya fedha nyingi.

Kuna msichana hapa mtaani kwetu wa umri huo. Mtazame akila hindi la kuchoma. Wenzake wanalishika kwa mikono miwili na kung'ata kwa meno ya mbele, safu kwa safu. Yeye analigeuza, analipeleka pembeni ya mdomo na kulikwangua kwa chonge na magego, kisha anapukuchua punje zilizobaki kwa kidole. Embe bivu, ambalo mtoto wa Kiswahili hulitoboa kwa meno na kulifyonza, yeye analiomba limenywe. Akiuma magego yake yakakutana, meno ya mbele ya juu na ya chini yamebaki mbalimbali, na katikati pana uwazi wa mviringo ambamo unaiona ncha ya ulimi. Uwazi huo haukukaa katikati kabisa. Umeegemea kulia, upande wa gumba alipendalo. Gumba lenyewe ni safi kuliko vidole vingine tisa, limepauka, ngozi yake imekunjamana kama ya mtu aliyefua tangu asubuhi, na mgongoni mwake, kwenye kiungo, pana sugu iliyochongwa na meno ya chini.

Mama yake hakuwahi kuona tatizo. "Si mwanya tu?" aliniuliza, na nikaelewa kwa nini. Kwetu mwanya ni uzuri. Tunausifu kwenye mashairi na kwenye sherehe, na aliye nao hujivunia. Mwanya anaousifu mshairi upo kati ya meno mawili yaliyokaa bega kwa bega, na hauna shida yoyote. Mtoto mwenye mwanya anang'ata hindi vizuri kabisa. Uwazi wa kidole upo kati ya meno ya juu na ya chini. Meno ya mbele hayakutani, kwa hiyo hayakati chochote. Mzazi akijua kutofautisha hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha.

Yapo mengine yanayofuata. Ulimi huzoea kuchungulia kwenye uwazi ule kila mtoto anapomeza, ili kuziba, na ukishazoea unaweza kuendelea kuuweka wazi hata kidole kikiwa kimeachwa. Baadhi ya watoto hupata kithembe: samaki inakuwa thamaki, zawadi inakuwa dhawadi. (Si kila mwenye kithembe alinyonya kidole, na si kila mwenye meno ya nje alikinyonya pia. Meno hurithiwa, na meno ya utotoni yakioza au yakang'olewa mapema huvuruga nafasi za yale yanayofuata. Tusiwasingizie watoto.) Tena yapo meno yaliyotangulia nje, ambayo huwa ya kwanza kufika chini mtoto anapoanguka. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba meno ya juu yakitangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 3, hatari ya kuyaumiza inakaribia kuwa maradufu. Mtoto anayecheza kombolela na rede kwenye uwanja wa kokoto, au anayepakiwa mbele kwenye bodaboda, hahitaji hatari hiyo.

Kitu kimoja nataka kiwakae wazazi vichwani: kinachopinda meno ni muda, kuliko nguvu. William Proffit wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ambaye kitabu chake kimesomesha vizazi vya madaktari wa kupanga meno, alieleza kwamba msukumo mdogo tu unatosha kulihamisha jino mradi udumu saa kadhaa kwa siku, karibu 6. Mtoto anayefyonza kwa kelele dakika kumi akiwa na usingizi kisha kidole kikamtoka, hana shida sana. Anayelala nacho usiku kucha bila hata kusikika akifyonza ndiye wa kuangaliwa. Mchana unaweza kumwona mara moja au mbili ukadhani ameacha. Mwangalie saa sita za usiku.

Umri nao una mahesabu yake. Meno ya utotoni ni 20. Huanza kuchomoza karibu na miezi 6 na hukamilika mtoto akiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu. Watoto wengi huacha kidole wenyewe kati ya miaka 2 na 4, wanapoanza kucheza na wenzao na mikono yao kupata kazi. Mwaka 2001 John Warren, Samir Bishara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto waliofuatiliwa tangu utotoni: walioendelea kunyonya kidole au chuchu bandia kupita miezi 48 ndio waliokuwa na meno yaliyovurugika zaidi, ingawa hata walioacha kati ya miaka 2 na 4 walikuwa na dalili kidogo. Karibu na miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa, mara nyingi bila mtu kugundua, na jino la mbele la chini huanza kulegea. Katika nyumba nyingi jino hilo likitoka mtoto hulirusha juu ya paa akiomba jipya. Ikiwa siku hiyo mtoto wako bado analala na kidole, ujue muda wa kungoja umekwisha, kwani jino analoliomba litashuka likikutana na gumba njiani.

Kwa hiyo mahesabu yangu, ambayo hayapishani na ya madaktari wengi wa meno ya watoto, ni haya. Kabla ya miaka mitatu, mwache. Mbusu, mbebe, mpe ziwa kama bado lipo, mwoshe mikono, basi. Kuanzia mitatu hadi minne anza kumsaidia kwa upole. Atakapofika darasa la kwanza iwe imekwisha. Kidole kikiachwa kabla ya meno ya mbele ya ukubwani kushuka, uwazi wa mbele mara nyingi hujifunga wenyewe, kwa kuwa midomo na ulimi vinarudi kazini. Taya lililobanwa pembeni ni kaidi zaidi, na mara nyingi litahitaji mkono wa daktari.

Nimesema mwoshe mikono, na sisemi hivyo kupitisha maneno. Kidole cha mtoto anayetambaa kwenye ua wa mchanga huingia na mayai ya minyoo, na kwetu minyoo na kuhara si hadithi. Ngozi iliyolowana muda wote huchubuka, kidole kinaweza kuota mdudu chini ya kucha, kikavimba na kutunga usaha. Watafiti wa Dunedin, New Zealand, waliowafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, walitoa mwaka 2016 matokeo yaliyowashangaza wengi: watoto waliokuwa wakinyonya vidole au kung'ata kucha walikuwa na mzio kidogo zaidi katika vipimo vya ngozi walipofika miaka 13, asilimia 40 kwa wenye tabia moja na 31 kwa wenye zote mbili, dhidi ya 49 kwa wasio na yoyote. Pumu na mafua ya mzio, hata hivyo, havikupungua. Watafiti wenyewe hawakumshauri mtu amhimize mwanawe kunyonya kidole, na mimi simshauri. Lakini ni habari ya kumtuliza mama anayedhani kidole kitamuua mwanawe.

Sasa namna ya kumsaidia huyu wa miaka minne au mitano. Kabla ya lolote, chunguza ni wakati gani. Kuna anayenyonya akiwa na usingizi tu. Kuna anayenyonya akitazama katuni, mkono mwingine ukishika sikio au pindo la shuka. Kuna aliyerudia kidole juzi baada ya kukiacha mwaka mzima, na ukiuliza unaambiwa nyumbani amezaliwa mdogo wake, au baba amehamishiwa mkoa mwingine, au mtoto amepelekwa bweni akiwa na miaka mitano. Huyo wa mwisho usianze na kidole chake. Anza na kinachomliza.

Kisha zungumza naye mwenyewe. Mweke mbele ya kioo mchana, akiwa ameshiba na amechangamka. "Haya mama, uma meno ya nyuma. Sasa tazama mbele." Mtoto wa miaka mitano akiuona ule uwazi kwa macho yake, bila kuchekwa, huelewa kuliko tunavyodhani. Asipotaka kuacha, utahangaika bure. Akitaka, mpe kazi: kalenda ya ukutani, ile iliyotolewa dukani mwaka mpya, na kalamu. Kila asubuhi baada ya usiku usio na kidole anaweka alama mwenyewe. Alama tano, mnakwenda naye kununua anachokipenda, na usimnyang'anye alama za juzi kwa sababu ya kosa la jana. Mapitio ya kisayansi ya shirika la Cochrane yaliyotolewa mwaka 2015, yakijumlisha majaribio 6 yaliyokuwa na watoto 252, yaliona kwamba kumtia mtoto moyo kwa namna hii kunasaidia kuliko kutofanya lolote, na kwamba kifaa cha waya kinachofungwa kinywani kinasaidia pia. Ushahidi wenyewe bado ni mdogo, ila kalenda na alama hazina gharama kubwa.

Mchana, plasta ya kawaida kwenye gumba inatosha kumkumbusha. Usiku, soksi safi ya pamba mkononi, au bandeji ya kuvutika inayozungushwa kwenye kiwiko kwa ulegevu kabisa: mtoto ataweza kukunja mkono na kupeleka kidole mdomoni, ila akisinzia na misuli ikilegea, bandeji inaunyoosha mkono polepole na kidole kinatoka bila kumwamsha. Narudia, ulegevu kabisa. Vidole vikipoa au vikibadilika rangi, umekaza. Na hata soksi au bandeji avae kwa kukubali mwenyewe, kama askari anayevaa sare yake, siyo kwa kufungwa. Mikono ya mtoto isifungwe.

Na pilipili? Hapana. Inaunguza midomo na macho, na inamchapa mtoto kwa wakati ule ule anaotafuta utulivu, hivyo anauhitaji utulivu zaidi. Mkubwa kidogo, wa miaka saba au minane, anayeomba mwenyewe kitu cha kumkumbusha, anaweza kupakwa ile rangi chungu ya kucha inayouzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa. Hiyo ni tofauti, ameiomba.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niogope ukali wowote juu ya kinywa cha mtoto, na wasomaji wa umri wangu wataikumbuka. Tangu miaka ya 1980 ilienea hapa nchini, na kwa majirani zetu pia, imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, ufizi wake ulikaguliwa, na pale chonge ya utotoni inapotunisha ufizi kabla ya kutoka, ikadaiwa kwamba ndipo penye jino bovu linalomletea ugonjwa. Watoto walichimbwa fizi kwa spoku ya baiskeli, kwa msumari, kwa kisu. Wengine walivuja damu, wengine wakapata maambukizi, wapo waliofariki, na waliopona wengi walikuja kuota chonge za ukubwani zilizoharibika, au zisiote kabisa. Kuharisha kwenyewe kulikuwa kunataka maji ya chumvichumvi na hospitali. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walimpenda mtoto na walikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukimbilia kitu anachoweza kukishika. Kidole ni kitu cha kushika kwa urahisi.

Mtoto akifika miaka sita au saba na upole haujafua dafu, apelekwe kwa daktari wa meno. Najua kwa wengi wetu chumba cha meno cha hospitali ya wilaya ni mahali pa kwenda na shavu lililovimba na kutoka bila jino. Lakini daktari wa meno anaweza kumpima huyu mtoto, kuzungumza naye, na akiona inafaa kumwandikia rufaa kwa bingwa wa kupanga meno, ambaye anaweza kuweka kizuizi chembamba cha waya kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Kizuizi hakimchomi mtoto. Kinamnyima tu ile raha ya gumba kugusa kaakaa, na ulimi nao unafundishwa kurudi mahali pake. Hukaa kwa miezi kadhaa. Mabingwa hawa ni wachache nchini na wengi wao wako mijini, hasa Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha udaktari wa meno. Mtoto wa Namtumbo au Kakonko ana safari ndefu kuwafikia, na waya kamili za meno akiwa kijana zitamgharimu mzazi wake fedha ambazo wengi hawana. Kwa mtoto wa namna hiyo, kalenda ya ukutani na soksi akiwa na miaka minne si mchezo. Pengine ndiyo huduma pekee ya kupanga meno atakayoipata maishani.

Ndiyo maana napendekeza jambo lisilohitaji bajeti mpya. Kadi ya kliniki ya mtoto ina nafasi za uzito na chanjo hadi miaka mitano. Akina mama huifuata kwa uaminifu hadi chanjo ya surua ya miezi 18, na baada ya hapo wengi wetu huiweka kabatini. Miaka mitatu hadi mitano, ambayo ndiyo miaka ya kidole, inapita bila mtoto kuonwa na mhudumu wa afya isipokuwa anapougua. Wizara inaweza kuwaelekeza wauguzi wa kliniki na walimu wa madarasa ya awali wafanye ukaguzi wa nusu dakika: mtoto aume meno ya nyuma, ainuliwe mdomo wa juu, atazamwe magumba yote mawili. Mwenye uwazi na gumba lenye sugu aandikwe, na mzazi wake aelezwe cha kufanya kabla ya darasa la kwanza. Mzazi naye asisubiri waraka. Akimpeleka mtoto kupimwa uzito akiwa na miaka minne, au akimpeleka kwa homa, anaweza kusema tu: "Nesi, naomba umwangalie na meno."